Kukadiria hatari ya kisukari katika jamii kutoka kwenye data ya utafiti wa kaya

Swali huja kwa simu, aghalabu Ijumaa jioni: "Kwetu hapa wenye sukari ni asilimia ngapi?" Anayeuliza ana bajeti ya kuwasilisha Jumatatu na anataka namba moja. Mwongozo huu ni wa anayepokea simu hiyo, awe afisa wa takwimu wa kaunti au wilaya, mwanafunzi wa afya ya jamii, au mtafiti mchanga aliyekabidhiwa faili na kuambiwa "utaona mwenyewe".

Nitatumia utafiti wa STEPS, mfumo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kupima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliotumika Tanzania mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015. Faili za nchi nyingi huombwa bure kwenye hifadhi ya data ya WHO. Ukiwa na utafiti mwingine wa kaya, hatua ni zilezile, majina ya safu tu ndiyo yatakayobadilika.

1. Soma dodoso kabla ya kufungua data

STEPS ina ngazi tatu. Ya kwanza ni maswali, ya pili ni vipimo vya mwili (urefu, uzito, kiuno, presha), ya tatu ni damu. Mtu anaweza kujibu maswali yote Jumanne na asitokee kupimwa damu Jumatano asubuhi. Kwa hiyo faili moja ina makundi matatu ya watu yasiyolingana kwa idadi. Usianze hesabu yoyote kabla ya kujua kila ngazi ilibaki na wangapi.

Safu utakazozihitaji: jinsia na umri (C1, C3), urefu na uzito (M11, M12), kiuno (M14), ujauzito (M8), kama amewahi kupimwa sukari (H6), kama ameambiwa na mhudumu wa afya kuwa ana kisukari (H7a), dawa anazotumia (H8, H9), kama alikula au kunywa kabla ya kupimwa (B1), na sukari yenyewe (B5). Halafu kuna stratum (tabaka la sampuli, kama mjini au vijijini), PSU (eneo linalochaguliwa kwanza, kama kijiji) na uzani wa sampuli (kila aliyepimwa anawakilisha watu wangapi), safu ambazo wengi huziruka kwa kuwa hazina jina la kuvutia. Tutazirudia.

Usikadirie kisukari kwa H7a peke yake. Mwaka 2015, takriban asilimia 88 ya watu wazima wa Kenya walisema hawajawahi kupimwa sukari kabisa. Hawa wote watajibu "hapana" ukiwauliza kama wameambiwa wana kisukari, na jibu lao halikuambii lolote kuhusu damu yao. Ukichora ramani ya H7a, maeneo yenye zahanati na maabara yataonekana yanaumwa, na vijiji vya mbali vitaonekana vizima. Utakuwa umechora ramani ya mashine za kupimia.

2. Amua nani unamwita mgonjwa, na uandike

Kwa STEPS, anahesabiwa mwenye sukari iliyopanda akiwa hajala, au anayetumia dawa za kisukari. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ina uzito wake. Mzee anayemeza metformin kwa utaratibu anaweza kusoma 5.6 asubuhi hiyo. Ukitazama B5 tu utamweka kundi la wazima, yaani dawa inayofanya kazi itakuwa imemfuta kwenye hesabu.

Mpaka wa namba unategemea kilichopimwa. Kwa plazima ya mshipa (majimaji ya damu bila chembe zake), sukari iliyopanda ni 7.0 mmol/l au zaidi, na hatua ya kabla ya kisukari ni 6.1 hadi chini ya 7.0. Kwa damu nzima ya kidole, mipaka inashuka: 6.1 kwa kisukari, 5.6 kwa hatua ya kabla yake. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika, kwa sababu mashine nyingi za siku hizi huchoma kidole lakini huonyesha namba iliyokwisha kubadilishwa iwe sawa na ya plazima. Tafuta jina la mashine kwenye ripoti ya uwanjani, kisha usome kijitabu chake. Tofauti ya 6.1 na 7.0 inaweza kukuongezea wagonjwa hata mara mbili bila mtu yeyote kuugua zaidi.

Na kipimo kimoja cha utafiti si utambuzi wa daktari. Kliniki humrudia mtu asiye na dalili kabla ya kumpa jina la ugonjwa. Kwenye ripoti andika "sukari iliyopanda", usiandike "wagonjwa wa kisukari", labda kwa wale walio kwenye dawa.

3. Safisha, lakini kwa macho ya mtu aliyekuwa uwanjani

Hii ndiyo hatua inayokula muda, na iache iule.

Anza na kufunga. Kipimo kinataka mtu akae saa 12 bila chochote kinywani isipokuwa maji. Sasa sikiliza swali linavyoulizwa. Karani akisema "Umekula?", mama atajibu "Sijala", na hasemi uongo: amekunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, na chai kwetu hunywewa, hailiwi. Niliwahi kukaa kwenye benchi nje ya darasa la shule ya msingi lililogeuzwa kituo cha kupimia, nikasikia "sijala" za namna hiyo tatu kabla ya saa mbili asubuhi. Karani mmoja akageuza swali: "Tangu jana usiku, ni kitu gani kimepita mdomoni zaidi ya maji?" Benchi nzima ikaanza kukumbuka. Chai. Kipande cha muhogo. Uji wa mtoto "nilioonja tu kama umepoa".

Pwani kuna mtego wa pili. Mtu akikwambia "nimefunga" mwezi wa Ramadhani, amefunga kweli, ila amekula daku saa kumi usiku. Akipimwa saa moja asubuhi ana saa tatu tu. Neno ni moja, saumu na kipimo, na fomu haiwezi kuzitenganisha. Linganisha tarehe za kazi ya uwanjani na kalenda ya mwaka huo kabla ya kuamini safu ya B1.

Kwenye data, dosari hii huonekana hivi: chukua wastani wa B5 kwa kila timu, kwa kila mashine (namba yake imo B3) na kwa kila saa ya kupimwa (B4). Timu moja ikisimama juu ya majirani zake kwa 1.0 au zaidi, na wilaya ni ileile, usikimbilie kueleza kuhusu lishe. Kwanza waulize walivyouliza. Kisha piga hesabu mara mbili, pamoja na wale waliokiri kula na bila wao, uone namba inasogea kiasi gani.

Vipimo vya sukari hupatikana kwa lugha mbili, mmol/l na mg/dl, na ya pili ni mara 18 ya ya kwanza. Faili lenye 5.4 na 97 kwenye safu moja limechanganya mashine mbili. Hilo ni rahisi, huonekana kwa jicho.

Gumu zaidi ni namba za siri. Kwenye STEPS, 77 ni "sijui", 88 ni "amekataa". Na kwenye uzito kuna 666.6, maana yake mtu alikuwa mzito kupita uwezo wa mizani. Mara ya kwanza kukutana nayo niliiacha ndani, na kata moja ikanitolea wastani wa unene wa kutisha. Mara ya pili nikaifuta kama kosa la uchapaji, nikajisifu kwa usafi. Nilikuwa nimekosea tena, na vibaya zaidi: nilikuwa namtoa kwenye utafiti wa hatari ya kisukari mtu mwenye hatari kubwa kuliko wote kijijini. Usimpe kilo za kubuni, wala usimfute. Mweke kwenye kundi la wanene kupindukia, mwache nje ya hesabu ya wastani tu.

Wajawazito watoe kwenye unene na kiuno. Kuhusu kiuno, utaratibu ni katikati ya mbavu ya chini na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi. Utaratibu huo haukumfikiria mama aliyejifunga leso juu ya dera, na fundo pembeni. Wanaume wakiwa na viuno vinavyofuata uzito wao vizuri na wanawake wakiwa wametawanyika, kuna uwezekano unapima mafundo. Hapo tegemea zaidi uzito na urefu kwa wanawake, na useme hivyo kwenye ripoti.

4. Weka uzani

Chukulia sampuli ya watu 1,000, mjini 600 na vijijini 400. Mjini 54 wana sukari iliyopanda, ambao ni asilimia 9. Vijijini 12, asilimia 3. Ukijumlisha kavu unapata 66 kati ya 1,000, asilimia 6.6. Lakini ikiwa katika eneo hilo wakazi wa mjini ni robo tu, hesabu ya haki ni robo ya 9 na robo tatu za 3, jumla asilimia 4.5. Namba zote mbili zimetoka kwenye faili moja. Ya kwanza inaeleza sampuli, ya pili inaeleza watu.

STEPS hutoa uzani wa aina tatu, WStep1, WStep2 na WStep3, mmoja kwa kila ngazi. Kwa chochote kinachogusa B5 tumia WStep3. Sababu utaielewa ukitazama nani haji asubuhi: mvuvi aliye baharini, kijana wa bodaboda, mama aliyekwisha kufika sokoni na mboga zake. Wanaofika mapema na kukaa wakisubiri ni wazee, na wale ambao tayari wanajihisi vibaya. Uzani hurekebisha umri na jinsia. Haurekebishi kujihisi vibaya, na hilo hakuna safu itakayokutengenezea.

Programu ya R ina kifurushi cha survey, Stata ina amri za svy, na Epi Info haina gharama. Yoyote itafaa, mradi uitajie stratum, PSU na uzani kwa pamoja kabla ya kuiuliza swali lolote.

5. Pima upana wa kutojua kwako

Watu wa kijiji kimoja wanafanana kwa kula, kazi, hata kwa karani aliyewapima. Ndiyo maana watu 1,500 waliochukuliwa kwa vijiji hawana nguvu ya watu 1,500 waliookotwa mmoja mmoja nchi nzima. STEPS hupanga sampuli kwa kuchukulia kigawanyo cha 1.5, kwa hiyo 1,500 wako ni kama 1,000. Ukipata asilimia 5 kwa watu hao, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 3.6 na 6.4. Ukipata asilimia 5 kwa watu 100, ni kati ya chini ya 1 na zaidi ya 9, yaani hujapata kitu.

Sasa rudi kwa aliyepiga simu. Utafiti wa Kenya wa 2015 ulikuwa na watu takriban 4,500 wenye umri wa miaka 18 hadi 69. Wagawe kwa kaunti 47: hata mia hawafiki kwa kaunti, na waliotoa damu ni wachache kuliko hao. Utafiti ule uliundwa utoe namba ya nchi, ya mjini na vijijini, ya wanawake na wanaume. Anayekuletea asilimia ya kaunti moja iliyokatwa moja kwa moja kutoka humo anakuletea bahati nasibu.

Linalowezekana ni hili. Chukua asilimia za kitaifa kwa kila kundi la umri, jinsia na makazi. Zizidishe na idadi ya watu wa kaunti yako katika makundi hayohayo kutoka sensa ya 2019. Jumlisha. Utapata makadirio yanayojua kwamba kaunti yako ina wazee wengi au mji mkubwa, lakini hayajui kama watu wako wanakula tofauti na wengine. Yaite makadirio ya kukopa, na usiyatumie kupanga kaunti kwa nafasi, ya kwanza hadi ya 47.

6. Kabla ya kulinganisha, linganisha umri

Sukari iliyopanda, Kenya 2015: asilimia 1.9. Tanzania 2012: asilimia 9.1. Nimeona namba hizi zimewekwa sambamba kwenye slaidi, pamoja na maelezo marefu kuhusu wali na ugali. Tanzania walipimwa wa miaka 25 hadi 64. Kenya walianza miaka 18. Vijana wa 18 hadi 24 ni wengi sana katika nchi zetu na karibu wote wana sukari ya kawaida, hivyo wakiingia kwenye kigawanyo hushusha asilimia wakiwa hawajafanya lolote. Umri hauelezi pengo lote, ila mpaka uutoe kwanza huna haki ya kueleza lililobaki. Baki na miaka ambayo tafiti zote mbili zinayo, 25 hadi 64, kisha zote zipe mgawanyo mmoja wa umri. Halafu rudi hatua ya 2 na ya 3 kwa kila faili: mashine ipi, mpaka upi, walifungaje.

Vivyo hivyo kwa kulinganisha miaka. Timu ya Donald McLarty wa Muhimbili iliripoti mwaka 1989 kisukari cha chini ya asilimia 1 katika vijiji sita vya Tanzania. Hiyo namba hupendwa sana kwenye utangulizi wa ripoti: "kutoka 1 hadi 9". Wale walikuwa wanavijiji wa kuanzia miaka 15, wakapimwa kwa kunyweshwa glukosi gramu 75. Kisukari kimeongezeka, sina shaka, ila si kwa kutoa ile kwenye hii.

7. Sasa hatari yenyewe

Mpaka hapa umehesabu walio na sukari tayari. Hatari ni ya wale ambao bado. Chombo kinachotumiwa sana ni FINDRISC, dodoso la alama la Finland, ambalo toleo lake la awali lilichapishwa na Lindström na Tuomilehto mwaka 2003. Huhitaji sindano: umri hadi alama 4, unene hadi 3, kiuno hadi 4, kutofanya mazoezi 2, kutokula mboga au matunda kila siku 1, dawa za presha 2, kuwahi kuonekana na sukari juu 5, ndugu wa damu mwenye kisukari hadi 5. Jumla 26.

Kipeleke kwenye STEPS uone kinavyopungua. Dodoso la msingi haliulizi kuhusu ukoo, kwa hiyo 5 zinaondoka. Swali la kuwahi kuonekana na sukari linamhusu yule mmoja kati ya wanane aliyewahi kupimwa, kwa hiyo 5 nyingine ni za waliobahatika kufika maabara, mimi huziondoa. Zimebaki 16. Alama 15, ambayo Finland ni mwanzo wa hatari kubwa, kwako imekuwa karibu kileleni. Alama ya mboga nayo haichambui mtu ukiipima kwa sehemu 5 za mboga na matunda kwa siku, maana Kenya mwaka 2015 asilimia 94 hawakuzifikia. Kitu ambacho kila mtu anacho hakiwezi kumtambulisha yeyote.

Kwa hiyo usinakili jedwali lao la "mmoja kati ya watatu ataugua ndani ya miaka 10". Tumia alama kupanga watu tu, kisha tafuta mpaka wako kwa kutumia B5 ambayo tayari unayo. Toa kwanza wote wanaojijua kuwa wana kisukari. Chukulia wamebaki 2,000, na 80 kati yao wamekutwa na sukari iliyopanda. Unajaribu alama 7: watu 700 wako juu yake, na ndani yao 56 kati ya wale 80. Umewanasa asilimia 70. Ungepima kila mtu, ungempata mmoja kwa kila 25. Ukipima hao 700 tu unampata mmoja kwa kila 12 au 13. Na 24 wamekupita. Jaribu 6, jaribu 8, weka kila matokeo kwenye mstari wake. Mpaka gani ni bora si swali la takwimu, ni swali la vijiti vya kupimia vilivyopo stoo, kwa hiyo mpelekee jedwali zima anayevinunua.

Fanya hivyo tena kwa wanawake peke yao na wanaume peke yao. Mwaka 2015 wanawake wa Kenya wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Alama inayoegemea unene itawajaza wanawake kwenye foleni na kumwacha nje mwanaume mwembamba mwenye sukari, naye huku kwetu yupo.

8. Ripoti

Andika makundi ya watu, acha wastani. Kati ya watu wazima: wangapi wana sukari iliyopanda na wanajua, wangapi wanayo na hawajui, wangapi hawana lakini alama zao ziko juu ya mpaka uliochaguliwa. Kila moja na kiwango chake cha chini na cha juu, na idadi ya waliopimwa kando yake. Kundi lenye watu chini ya 50 waliotoa damu mimi huliachia nafasi tupu na mstari mmoja wa maelezo. Majina, namba za simu na alama za ramani za nyumba ondoa kabla faili halijatoka kwenye kompyuta yako. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kijiji kidogo hutambuana hata bila majina.

Mwisho, hifadhi amri zote ulizotumia pamoja na karatasi moja ya maamuzi: mpaka ulikuwa 6.1 au 7.0, waliokunywa chai waliingia au walitoka, 666.6 alikwenda kundi gani. Aliyenitangulia mezani hakuiandika. Nilitumia wiki mbili kuirudia namba yake, na mpaka leo inanipungukia watu 11.